Lavashi, Mkate wa Majirani Waliohasimiana

Leo tunabisha hodi katika jiko la Jamhuri ya Azerbaijan, ambako mkate mwembamba uitwao lavashi haupikwi na mtu mmoja. Kwa desturi huhitaji watatu: mmoja hukata madonge, wa pili husukuma, wa tatu huoka ndani ya tandiri, neno lililo ndugu wa tanuri yetu, au juu ya bamba la chuma. Bibi harusi huwekewa mkate huo mabegani ili nyumba yake ipate baraka.

Mkate huu umezua ushindani pia. Mwaka 2014 UNESCO iliorodhesha lavashi ya Armenia kuwa urithi wa utamaduni. Mwaka 2016 ikaorodhesha utengenezaji wa mikate ya jamii hiyo kwa niaba ya Azerbaijan, Iran, Kazakhstan, Kyrgyzstan na Uturuki kwa pamoja. Armenia na Azerbaijan zimepigana vita vikali kuhusu Karabakh. Hata hivyo, maharusi wa Armenia nao huwekewa lavashi mabegani. Basi anayeuliza mkate huu ni wa nani, na azitazame kwanza harusi za pande zote mbili.