Mazoezi ya Jumamosi: Maneno ya Katibu wa Kwaya



Miaka miwili iliyopita tulikosea. Tulihamisha mazoezi kutoka Jumamosi alasiri hadi Jumatano jioni, ili sisi wa kazini tufike. Akina nyanya wa sauti ya pili na wazee wa besi wakaacha kuja. Giza na matope ya njiani havikufaa magoti yao. Tulipowatembelea, nyanya mmoja alituambia hajatoka langoni tangu Pasaka. Chai ilipoa mikononi mwetu.

Shirika la Afya Duniani linashauri wenye miaka 65 na zaidi wapate angalau dakika 150 za kuushughulisha mwili kila wiki, pamoja na mazoezi ya kuwasaidia wasianguke. Wazee wetu waliyapata hapa: kutembea hadi kanisani na kurudi, kusimama, kupiga makofi, kuyumba na wimbo. Na ambaye hakufika, aliulizwa.

Tulirudisha Jumamosi. Katika jubilii hii wataingia nasi kwa hatua, polepole kidogo. Mpiga kinanda ameshaambiwa. Vijana, tafadhali fuateni mwendo wao, msiwapite.