Mtoto Anayetaka Masomo ya Afya: Mazungumzo na Wamama wa Kliniki



Siku zingine tunazungumza hapa juu ya chanjo, uji wa mtoto na maji safi. Leo tuzungumze juu ya yule mtoto mkubwa uliyemwacha nyumbani, aliyemaliza Exetat. Anasema, "Mama, nataka kusoma mambo ya afya." Wewe unamjibu, "Basi, uwe munganga!" Lakini franga za miaka mingi ya udaktari haziko. Na pengine mtoto mwenyewe hapendi kushika sindano. Anapenda kujua sababu gani watu wa avenue moja wanagonjwa kila mwaka, na wa avenue ya pili wako wazima. Mtoto wa namna hii tumpeleke wapi?

Jibu letu ni hili: kazi ya afya si ya munganga peke yake. Kuna masomo ya yunivasite yanayounganisha mambo ya mwili na mambo ya maisha ya watu. Mama akiyaelewa, hatatupa franga zake bure.

1. Sababu gani kuunganisha?

Angalieni mfano. Mtoto analetwa hospitali, miguu imevimba, nywele zimekuwa nyekundu. Ni bwaki. Anatunzwa, anapona, anarudi nyumbani. Kisha miezi miwili analetwa tena, amevimba vilevile. Je, dawa ilikosa nguvu? Hapana. Nyumbani baba anasukuma chukudu, na siku isiyo na mzigo haina franga. Sambaza zikinunuliwa, wakubwa wanakula kwanza. Shamba la maharagi lilibaki kijijini, kule walikokimbia vita. Mambo haya hayaonekani katika damu wala katika mkojo. Yanaonekana kwa mtu aliyefundishwa kuuliza, kusikiliza na kuhesabu.

2. Goma imeyaona

Mwezi wa Julai 1994 wakimbizi mamia ya maelfu walifika hapa kutoka Rwanda. Kolera ikaingia, kisha kuhara damu. Katika mwezi mmoja karibu watu 50,000 walikufa. Waganga walijua dawa ya kolera: kumrudishia mgonjwa maji na chumvi mwilini. Lakini maji safi hayakutosha, na mawe ya volkano yalikuwa magumu, hata kuchimba choo kulishindikana. Basi, uzima wa watu ulitegemea serumu, lakini vilevile ulitegemea maji, vyoo, na namna watu walivyopangwa kambini.

Tukumbuke tena Ebola. Ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikaisha tarehe 25 Juni 2020, na watu 2,287 walikufa. Chanjo ilikuwapo. Lakini Desemba 2018 uchaguzi uliahirishwa kule Beni na Butembo, na Ebola ilitajwa kuwa moja ya sababu. Watu wengi wakasema, "Ugonjwa huu ni wa politiki." Februari 2019 vituo vya kutunza wagonjwa vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto. Ukosefu wa imani hauna sindano.

Ni nini kilichosaidia? Kule Beni waliweka vyumba vyenye kuta za plastiki ya kuonyesha ndani, ili jamaa wamwone mgonjwa wao na kuzungumza naye. Tena watu waliopona, ambao miili yao ilikuwa imepata nguvu juu ya ugonjwa ule, walipewa kazi ya kulea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa kitandani. Mawazo kama haya yanatoka kwa watu wanaojua virusi, na wanaojua pia uchungu wa mama aliyekatazwa kumwona mtoto wake.

3. Masomo yenyewe ni gani?

Hapa Goma, yunivasite ya ULPGL, iliyoanza mwaka 1985, iko na fakilte ya Afya na Maendeleo ya Jamii. Mji uko pia na ISTM, yenye kufundisha kazi mbalimbali za afya. Katika utaratibu mpya unaoitwa LMD, lisansi ni miaka mitatu. Kila mwaka uko na kredi 60, zote pamoja 180. Anayetaka kuendelea anafanya masta miaka miwili.

Mpango mzuri unaweza kuwa hivi:

Mwaka wa kwanza: mwili wa mtu, vijidudu, maji na chakula, hesabu, kuandika Kifaransa vizuri, maana ndiyo luga ya masomo. Pamoja na hayo, namna jamaa na desturi zinavyoendesha maisha.

Mwaka wa pili: namna magonjwa yanavyoenea na namna ya kuyahesabu, matumizi ya franga katika nyumba na katika kituo cha afya, sheria, mambo ya moyo na akili ya watu walioona vita.

Mwaka wa tatu: stage katika eneo la afya, na kazi ya kuandika ya mwisho. Mtoto achague swali la kweli la mtaa wake. Kwa mfano: sababu gani wamama wa mtaa fulani wanaleta mtoto chanjo ya kwanza, lakini hawarudi kwa ile ya surua?

4. Kabla ya kulipa, uliza

Usione haya, mama. Franga ni zako. Uliza hivi:

a) Je, shule iko na ruhusa ya Serikali? Mwambie mtoto aonyeshwe barua yenyewe.

b) Wanafunzi wanafanya stage wapi, na nani anawaangalia? Masomo ya maisha ya watu hayawezi kumalizikia ndani ya kalasi.

c) Mbali na minervali, kuna malipo gani mengine? Stage, vitabu, jury?

d) Waliomaliza mbele wanafanya kazi gani? Mtoto aende awaulize wawili au watatu.

Tena mjue hili vizuri: diploma hii haitoi ruhusa ya kutunza wagonjwa. Anayetaka kupiga sindano na kuzalisha asome uuguzi au ukunga. Anayetaka kupasua asome udaktari. Kijana wa afya na jamii akifungua kadispansari nyumbani, ni hatari kwa watoto wetu.

Kazi yake ni nyingine. Katika eneo la afya kuna animateri wa jamii, anayefanya kazi pamoja na wale wareko wanaopita nyumbani kwenu. Kuna kazi ya hesabu za magonjwa, ya lishe, ya maji na vyoo, ya kupanga kampeni ya chanjo. Lakini tusidanganyane: diploma si mshahara. Wengi wanaanza na kazi ndogo, au ya kujitolea. Mtoto ajue hivyo tangu mwanzo.

5. Linda karatasi

Mlima ulipasuka mwaka 2002 na mwaka 2021. Vita viliingia mjini mwisho wa Januari 2025. Mtu anayekimbia anashika mtoto na bidoni, diploma inabaki. Tia karatasi zote za masomo katika mfuko mmoja wa plastiki, pamoja na risiti za malipo. Piga picha kwa simu, umtumie ndugu aliye mji mwingine. Masomo yakikatika, kila mwaka uliomalizika uwe na karatasi yake, ili mtoto asirudi kuanza mwanzo.

6. Na binti je?

Wengine wanasema, "Binti ataolewa tu, franga zitapotea." Lakini nani atakayeingia jikoni kwa mama mwenye kunyonyesha na kuulizwa siri zake? Mara nyingi mama anamwambia mwanamke mwenzake jambo ambalo hawezi kulisema mbele ya mwanaume. Kazi hii inahitaji mabinti.

Ya kukumbuka

– Ugonjwa unakaa mwilini, lakini unapita katika maji, chakula, franga na maneno ya watu.
– Lisansi ya afya na jamii ni miaka mitatu, na haitoi ruhusa ya kutunza wagonjwa.
– Uliza kwanza, lipa nyuma.
– Karatasi ni mali. Zilinde.

Ulizeni mwenzenu aliye karibu kwenye benchi: katika mtaa wetu, ugonjwa gani unarudi kila mwaka, na ni jambo gani la maisha yetu linaurudisha? Mpelekeeni mtoto wenu mkubwa swali hilo leo jioni. Akikaa kulifikiri na kutafuta jibu, pengine masomo haya ni yake.