ADABU KWA WENYEJI NA WANAOJITOLEA KATIKA MASHINDANO YA WANAFUNZI

(Mazungumzo ya Afisa Habari wa Wizara mbele ya viongozi wa misafara, walimu wa michezo na wazazi, Nansio, Ukerewe. Yanachapwa hapa kwa faida ya watumishi na wakazi wote wa visiwa.)



Nimeombwa nizungumze juu ya mwenendo wa misafara yetu inapokwenda katika mashindano ya wanafunzi, yaani UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa shule za sekondari. Habari za mazoezi, jezi na viatu mmekwisha kuzisikia kwa wataalamu wa michezo. Mimi nitasema juu ya watu ambao majina yao hayatangazwi katika kipaza sauti: mpishi, mlinzi wa lango, mfagiaji wa vyoo, kijana wa Skauti anayepanga foleni, muuguzi wa Msalaba Mwekundu aliyeketi na sanduku lake pembeni mwa uwanja, mwalimu mwanafunzi aliyeacha likizo yake ili aandike matokeo.

Mkoa wetu wa Mwanza unaifahamu kazi hii. Umewahi kuwa mwenyeji wa mashindano ya kitaifa, yakiwemo yale ya mwaka 2017 na 2018, kabla hayajahamia Mtwara mwaka 2019, kisha Tabora mwaka 2022, na Iringa mwaka 2025. Wakati ule uwanja wa CCM Kirumba na Chuo cha Ualimu Butimba vilijaa watoto kutoka kila pembe ya nchi. Watu wa Mwanza walijifunza wakati ule maana ya kupokea maelfu ya vijana wenye njaa kwa wakati mmoja. Basi sisi tunaotoka katika mkoa uliopata kuwa mwenyeji hatuna udhuru wa kutojua mwenyeji anachoka namna gani.

Nianze na jikoni, kwa kuwa huko ndiko ugomvi mwingi unakoanzia. Kambi inayotaka uji saa kumi na mbili asubuhi humlazimu mpishi kuamka saa tisa usiku. Anawasha kuni, anachota maji, anasimamisha masufuria ambayo mtu mmoja hawezi kuyainua peke yake. Moshi wote ni wake. Uji ukichelewa kwa nusu saa kwa sababu kuni zilinyeshewa, hutokea mwalimu akaja mlangoni na kufoka, “Nyinyi mnalipwa kwa kazi gani?” Nimeliona jambo hilo kwa macho yangu katika kambi moja ambayo sitaitaja. Mama aliyefokewa alikuwa na umri wa kumzaa yule mwalimu. Hakujibu. Aliendelea kukoroga. Lakini wavulana waliokuwa katika foleni walisikia, na mchana wa siku ile ile mmoja wao alimrudishia mama huyo sahani yake na kumwambia amwongeze maharage, bila ya shikamoo wala tafadhali. Sikushangaa. Alikwisha kupata ruhusa kwa mkubwa wake.

Hapa nataka nieleweke. Watu wengi hudhani kwamba utovu wa adabu katika mashindano ni wa watoto. Kwa maoni yangu, watoto ni wa mwisho. Wa kwanza ni sisi watumishi wenye vitambulisho shingoni. Ni sisi tunaofika langoni na gari, tukakuta mlinzi amepewa amri kwamba magari yasiingie kwa kuwa watoto wa riadha wanapasha misuli njiani, nasi tukamwuliza, “Unanijua mimi ni nani?” Mlinzi yule hana haja ya kutujua. Aliyempa amri ni kamati ile ile ambayo sisi ni wajumbe wake. Tukimlazimisha afungue, tumeivunja amri yetu wenyewe kwa mkono wa mtu mnyonge, na akigongwa mtoto, mlinzi ndiye atakayehojiwa.

Hali kadhalika meza ya uhakiki. Mnajua, na hapana haja ya kuficha, kwamba ugonjwa wa mamluki umeisumbua michezo ya shule kwa miaka mingi: kijana aliyekwisha kumaliza shule anavalishwa sare ya darasa la sita, au mchezaji wa shule nyingine anaazimwa kwa wiki mbili. Kwa sababu hiyo huwekwa makarani wa kukagua vyeti, picha na majina. Karani akiuliza, “Mtoto huyu kazaliwa mwaka gani?” hajaitukana wilaya. Anaulinda mchezo, na anamlinda mtoto wa kweli wa miaka 12 asivunjwe mguu na mtu mzima. Kiongozi wa msafara mwenye karatasi safi hutulia na kuzitoa. Mimi, kwa kusema kweli, nikiona kiongozi anapiga meza, humtilia shaka mchezaji wake.

Ndugu zangu, liko jambo moja katika mashindano haya ambalo adabu ya watazamaji ndiyo mchezo wenyewe. Ni mpira wa goli unaochezwa na wanafunzi wasioona. Mchezo huu ulibuniwa mwaka 1946 kwa ajili ya askari waliopofuka katika Vita vya Pili vya Dunia, na tangu mwaka 1976 umo katika Michezo ya Paralimpiki. Wachezaji ni watatu kila upande. Wote hufungwa macho, hata yule anayeona kidogo, ili pasiwe na wa kumzidi mwenziwe. Ndani ya mpira mna kengele. Mchezaji husikiliza kengele, akajua mpira unakuja kulia au kushoto, akajitupa chini kuuzuia kwa mwili wake wote.

Sasa fikirini. Kijana wa kujitolea, pengine ana miaka 19, anasimama mbele ya watazamaji mia tatu na kuinua mkono kuomba kimya. Hana polisi wala kipaza sauti. Akikitumia kipaza sauti ameharibu kile anachokilinda. Akidharauliwa, kundi moja likapiga vigelegele, mwingine akapokea simu, basi mtoto asiyeona amelala sakafuni anasubiri sauti ambayo haiji, na mpira unampita. Hajafungwa na mpinzani. Amefungwa na sisi tuliokuwa tumeketi. Kwa hiyo nawaomba walimu mwaeleze wanafunzi kabla ya safari: mpira unapokuwa mchezoni, kimya, goli likiingia na refa akapuliza filimbi, shangilieni mpaka mchoke. Wanafunzi viziwi nao wana soka yao, na huko refa huonekana zaidi kuliko kusikika. Anayeingia uwanjani kumzonga refa huyo amewazibia wachezaji njia yao ya kujua kinachoendelea.

Marefa wa michezo ya shule, kwa jumla, wana taabu yao peke yao, na mengi yamekwisha kusemwa. Naliacha.

Niseme juu ya maji. Misafara yetu hupanda vyombo, na misafara ya bara inapokuja Mwanza huliona ziwa na kulitamani. Kijana kutoka Dodoma au Singida akiona maji mengi kiasi hiki hutaka kuvua shati. Huko ufukweni husimama mtu wa afya au wa kujitolea akamzuia, na mara nyingi huitwa mchoyo wa maji ya Mungu. Lakini ninyi wakazi wa visiwa mnaijua sababu. Ziwa Viktoria lina kichocho, na wadudu wake huingia kwa ngozi bila ya mtu kusikia chochote. Mgeni huondoka mzima na kuugua akiwa kwao, mbali na mtu wa kumwambia ni nini. Baadhi ya sehemu zina mamba na viboko pia. Anayewazuia watoto ufukweni anafanya kazi ya mzazi wao aliye mbali, naye anastahiki kuitwa baba.

Na katika chombo, mwenye neno ni baharia. Sote tuliopo hapa tunaikumbuka tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kilipopinduka kikitoka Bugolora, kikiwa kimekaribia gati la Bwisya, Ukara. Kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101. Waliofariki walizidi 220. Mimi sisemi kwamba adabu ya abiria ingetosha kuzuia msiba ule. Dhamana ya chombo ni ya waliokabidhiwa chombo, na Serikali ilichukua hatua kwa upande wake. Ninachosema ni kwamba mfanyakazi wa gatini anayesema “kimejaa, subirini kinachofuata” hana silaha ila heshima tunayompa. Kiongozi wa msafara mwenye watoto 40 na ratiba mkononi ndiye mwenye kishawishi kikubwa cha kumwambia, “Tupishe, tunawahi ufunguzi.” Ufunguzi na usubiri. Hotuba za ufunguzi hazijapata kumkosesha mtoto medali.

Wazee wetu wa hapa hawakuhitaji waraka juu ya mambo haya. Marehemu Aniceti Kitereza, mtu wa Ukerewe, alikamilisha mwaka 1945 kitabu chake cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na akafariki mwaka 1981. Anayekisoma huona jinsi mgeni anavyopokewa na jinsi salamu zinavyochukua nafasi yake kamili kabla ya haja kutajwa. Wasomaji wengine husema salamu zile ni ndefu mno. Mimi huona zina urefu wa kutosha.

Basi wafundisheni watoto salamu ya mahali wanapokwenda. Mtoto akifika kambini Mwanza akamwambia mpishi wa Kisukuma “Mwangaluka, mayu,” hata akikosea matamshi, mpishi atacheka na atamjua kwa uso siku zote za mashindano. Wafundisheni pia kuacha mahali safi. Mwaka 2018, huko Urusi, timu ya taifa ya Japani ilitolewa katika Kombe la Dunia na Ubelgiji baada ya kuongoza kwa mabao mawili. Ilikuwa siku ya uchungu kwao. Hata hivyo wachezaji waliacha chumba chao cha kuvalia kikiwa kimefagiwa, na karatasi yenye neno la shukrani kwa Kirusi. Kama waliofungwa namna ile waliweza kufagia, na wetu wanaweza kukunja magodoro na kuokota maganda ya miwa katika bweni la watu. Katika uwanja wa Nyamagana wenye nyasi bandia, mtunza uwanja akikataza vyakula na moto asibishiwe. Nyasi zile hazioti upya.

Neno la mwisho katika haya liwahusu wenzangu wa ofisini. Baadhi ya wapishi na wafagiaji ni vibarua. Kijana wa kujitolea ameridhia kutolipwa; kibarua hakuridhia. Tusimwite kibarua “mtu wa kujitolea” siku ya malipo. Posho za viongozi zikitoka kwanza na ujira wa mpishi ukasubiri mwezi ujao, shukrani zote za jukwaani huwa maneno matupu masikioni mwake, na mwakani hatarudi. Vijana wanaojitolea nao wapewe chakula katika saa ya chakula, kabla masufuria hayajakwanguliwa, wapewe nauli ya kurudia kwao usiku, na wapewe barua yenye mhuri ya kuonyesha walichofanya, kwani wengi wao watakwenda kutafuta kazi na barua hiyo.

Kwa hiyo naomba kila kiongozi wa msafara awe na daftari dogo. Siku ya kwanza aandike majina ya mpishi mkuu, mlinzi, mfagiaji na kijana aliyepangiwa kuwaongoza watoto wake. Awatambulishe kwa wanafunzi kwa majina hayo, na si kwa “wewe wa jikoni.” Yakitokea malalamiko, yapelekwe kwa mratibu wa kambi kwa sauti ya kawaida na mbali na foleni. Siku ya kuondoka, kabla injini hazijawashwa, wanafunzi wapite jikoni kwanza waage.

Sasa nampisha Ndugu Mganga, atakayewaelezeni habari za dawa za kuchukua safarini na uchunguzi wa afya za watoto, halafu tutapokea maswali.