Mkoromo, Kinga ya Mwili na Moyo: Yampasayo Mnunuzi Kuyajua



Katika jamii zetu mkoromo huchekwa. Mtu akikoroma husemwa kuwa amelala fofofo, na mwenzake huambiwa avumilie. Kwa hiyo mwenye maradhi tutakayoyataja huwa wa mwisho kujua kwamba anayo. Shahidi ni yule anayelala naye chumbani, asikiaye mkoromo ukikatika ghafla, kimya kikaingia, kisha mlalaji akashtuka na kuvuta pumzi kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Kimya hicho ndicho tulichokuja kukizungumza, kwa kuwa madukani na katika simu zetu huuzwa vitu vingi viahidivyo kuuondoa mkoromo, wala havisemi lolote juu ya kimya.

Usingizi ukishika, misuli ya koo hulegea, na kwa baadhi ya watu njia ya hewa huziba au husinyaa mno. Pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi, madaktari huhesabu tukio moja. Matukio 5 hadi 14 kwa saa ni maradhi mepesi. Yakifika 30 ni makali. Mwenye maradhi makali akilala saa 7, huwa amekabwa koo mara 210 au zaidi kabla ya kuamka, naye asubuhi hakumbuki hata mara moja.

Mwili, hata hivyo, hukumbuka. Kila tukio huishusha oksijeni katika damu, kisha huipandisha kwa ghafla, na kushuka na kupanda huko huiamsha kinga ya mwili kana kwamba kuna jeraha. Kidole kikichomwa mwiba, huvimba na kupata moto. Chembe nyeupe za damu zimeitwa kuja kuponya, na kazi ikiisha hutawanyika. Hapa hapana mwiba wa kung'oa. Askari huitwa kila usiku pasipo adui, nao hujishikiza katika kuta za mishipa ya damu na kuzichubua. Kuta hukakamaa, mafuta hupata mahali pa kujijenga. Wakati huohuo kila mshtuko wa kuamka hulipandisha shinikizo la damu. Ndiyo maana maradhi haya hukutwa mara nyingi kwa watu ambao shinikizo lao halishuki hata kwa dawa kadhaa, kwa wale ambao mapigo ya moyo yao huenda mrama, na kwa waliopatwa na kiharusi. Ni haki kuongeza kwamba unene nao huichochea kinga kwa njia yake, na wagonjwa wengi ni wanene. Kugawa lawama baina ya hayo mawili si jambo jepesi.

Tiba inayojulikana zaidi ni mashine ipulizayo hewa kupitia barakoa ili koo lisizibe, iliyoelezwa mwaka 1981 na Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia. Hupunguza usingizi wa mchana, na shinikizo la damu hushuka kidogo. Lakini muuzaji akikuahidi kwamba itakukinga na shambulio la moyo, amevuka mpaka. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2016, wa watu zaidi ya 2,600 waliokwisha kuwa na maradhi ya moyo au ya mishipa ya ubongo, haukuona mashambulizi yakipungua. Washiriki waliivaa mashine kwa wastani wa saa 3 na ushei tu kwa usiku. Barakoa isiyokutosha utaivua usiku wa manane. Basi ulizeni kabla ya kulipa kama mnaruhusiwa kuijaribu na kuibadilisha.

Msinunue chochote kabla ya kupimwa usingizi, hospitalini au kwa kifaa cha kulala nacho nyumbani. Vibanio vya pua, dawa za kupuliza kooni na mikanda ya kidevu huenda vikapunguza kelele huku koo likiendelea kuziba, na hapo shahidi wenu atakuwa amenyamazishwa. Pombe na vidonge vya usingizi hulilegeza koo zaidi.

Kuhusu mashine zilizotumika, tahadhari. Mwezi Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kuzirudisha mashine zake nyingi, kwa kuwa sifongo iliyowekwa ndani kupunguza sauti iliweza kumeguka na chembe zake kuvutwa na mgonjwa. Dai namba ya mashine uihakiki, na usikubali kipimo cha hewa kilichowekewa mtu mwingine.

Anayesinzia akiwa kwenye usukani asingoje miadi ya mbali. Aache kuendesha hadi apimwe. Na siku ya kwenda kwa daktari, mchukueni yule mnayelala naye chumba kimoja, maana maswali mengi yatamhusu yeye.