Darasa Chini ya Maji: Wapiga Mbizi Weusi na Meli za Watumwa



Tukizungumzia kujenga jamii ya watu Weusi kwa kupanda milima, kutembea porini au kuingia baharini, mara nyingi tunahesabu vichwa: wamefika wangapi mahali ambapo zamani hawakuonekana? Hesabu hiyo hainiridhishi. Watu thelathini wanaweza kufika kileleni pamoja, wakapiga picha, na wiki ijayo hakuna anayemkumbuka mwenzake. Mimi naamini watu hushikamana wanapokuwa na kazi ambayo mmoja haiwezi peke yake, na ambayo sharti afundishwe na mwenzake. Mfano wangu ni Diving With a Purpose, chama cha wapiga mbizi cha Marekani.

Tuanze na maji yenyewe. Tarehe 27 Julai 1919, mjini Chicago, kijana Mweusi wa miaka 17, Eugene Williams, alikuwa akielea katika Ziwa Michigan akavuka mpaka ambao haukuandikwa popote, kati ya ufuko wa Weupe na ule wa Weusi. Alirushiwa mawe, akafa maji. Ghasia zilizofuata ziliua watu 38. Baadaye, mahakama zilipoanza kuwafungulia Weusi mabwawa ya umma ya kuogelea, baadhi ya miji iliona heri iyafunge kabisa. Mzazi asiyejua kuogelea humkataza mwanawe maji, na mwana naye humkataza wake. Wanaosema Weusi wa Marekani hawapendi maji wameruka sura nzima ya historia.

Mwaka 1991 José Jones na Ric Powell walianzisha chama cha kitaifa cha wapiga mbizi Weusi. Miaka miwili baadaye wanachama waliweka bamba la kumbukumbu chini ya bahari karibu na Key West, Florida, ilikozama Henrietta Marie, meli ya watumwa ya Kiingereza, mwaka 1700. Lilikuwa tendo la heshima, lakini bado walikuwa wageni wanaozuru kaburi. Mambo yalibadilika mpiga mbizi mmoja wa Nashville, Ken Stewart, alipokutana na Brenda Lanzendorf, mwanaakiolojia wa Hifadhi ya Taifa ya Biscayne. Mama huyu alikuwa na mabaki mengi ya meli na mikono michache. Stewart alikuwa na watu. Walivutwa na habari za Guerrero, meli ya Kihispania iliyokwama kwenye miamba ya Florida mwaka 1827 ikiwa na Waafrika 561, ambao 41 kati yao walikufa maji.

Hapo ndipo chama cha Diving With a Purpose kilipozaliwa, na mwalimu mstaafu, fundi na mhandisi wakageuka wanafunzi wa akiolojia ya chini ya maji. Utepe wa kupimia hunyooshwa juu ya mabaki. Wapiga mbizi huenda wawili wawili: mmoja anashika ncha ya kipimo, mwingine anasoma na kuandika. (Penseli ya kawaida tu, ndani ya maji inaandika vizuri.) Hakuna kuokota kitu. Kisha, nchi kavu, vipande vya michoro huunganishwa viwe ramani moja, na aliyekosea kipimo huharibu ramani ya wote. Aliyehitimu hurudi kumfundisha anayefuata, na vijana nao wana programu yao.

Ujuzi huo umewafikisha mbali, hata pwani yetu. Desemba 1794 meli ya Kireno São José iliondoka Kisiwa cha Msumbiji ikielekea Brazil, ikiwa na mateka zaidi ya 400. Ilivunjika kwenye miamba karibu na Cape Town. Zaidi ya 200 walikufa, walionusurika wakauzwa palepale. Kilichosaidia kuitambua ni vyuma vya farumi vilivyotajwa katika hati zake: binadamu ni shehena nyepesi, hivyo chombo kiliongezewa uzito kisiyumbe. Wapiga mbizi wa Diving With a Purpose walishiriki katika kazi hiyo. Juni 2015 udongo kutoka nchi ya Wamakua, Msumbiji, ulipelekwa Cape Town na kumwagwa baharini na wapiga mbizi wa Msumbiji, Afrika Kusini na Marekani.

Sitaki kuwapamba kupita kiasi. Vifaa, cheti na nauli vinadai kipato, na kijana wa mtaa maskini hafiki Biscayne asipopata mfadhili. Halafu kuna suala linalotuhusu sisi. Wamakua wako pia Masasi na sehemu nyingine za Mtwara, na pwani yote ya kusini mwa Tanzania ina wavuvi wanaoujua kila mwamba kwa jina. Katika majadiliano ningependa tuulizane: mafunzo ya namna hii yakija Mtwara au Kilwa, mvuvi ataingia darasani kama mwanafunzi, au kama mmoja wa walimu, na nani atamlipa kwa siku asizokwenda kuvua?