Mwili ni Amana: Nasaha kwa Mtu Mzito Anayetaka Kuanza Mieleka

(Mada iliyotolewa msikitini baina ya Swala ya Magharibi na Isha)



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake, Masahaba zake na kila aliyefuata uongofu wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu katika imani, mada hii tumeombwa na baadhi ya wazazi, na si wote waliotuomba kwa furaha. Mzee mmoja tunayemheshimu sana alitujia baada ya Swala ya Alasiri akasema kwa masikitiko: "Ustadhi, mwanangu amerudi nyumbani anacheka, anasema leo amemwangusha chali mwalimu wake wa Nahau. Heiba ya elimu itabaki wapi?" Swali hilo linastahiki jibu, na jibu lake haliwezi kutolewa bila ya kueleza tumefikaje pale chini.

Mwenzetu mmoja katika ualimu alifariki kwa kiharusi akiwa na umri wa miaka 41. Tulikuwa miongoni mwa waliomwosha, na mwosha maiti hustiri, kwa hiyo hatutasema zaidi ya kuwa tulitoka pale tukiutazama mwili wetu wenyewe. Tulikuwa na kilo 112. Tukisalisha Tarawehe, rakaa nne za mwanzo zilitosha kutukata pumzi mpaka maamuma wakadhani tunalia kwa khushui. Allah atusamehe, ilikuwa ni pilau.

Na tuseme kweli juu ya sisi walimu na wahubiri. Kazi yetu ni ya kukaa. Asubuhi ni chai na maandazi, jioni ni walima, na kila mwenye walima huona fahari kumjazia Ustadhi sahani mara ya pili. Wapo hata miongoni mwetu wanaoikataza hitima juu ya mimbari, kisha sinia ikipita hawaulizi imetoka wapi. Hadithi ya Miqdam bin Ma'dikarib (r.a.) iliyopokewa na Tirmidhi, ya kuligawa tumbo theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi, tumeihifadhi kwa isnadi yake. Theluthi ya pumzi ndiyo tuliyoidhulumu. Abdullah bin Amr (r.a.) aliambiwa na Mtume (s.a.w.) kuwa mwili wake una haki juu yake, naye alikuwa akiuchosha kwa kufunga na kusimama usiku. Sisi tumeudhulumu kwa upande wa pili, wala hatuna hata ibada ya kujitetea nayo.

Tulipokuwa wanafunzi Khartoum, kabla ya vita vilivyoanza Aprili 2023, tulikuwa tukienda siku ya Ijumaa jioni huko Haj Yousif kutazama mieleka ya Wanuba. Hawapigani ngumi. Hujipaka mchanga mikononi, hushikana, na anayemlaza mwenzake chini ndiye mshindi, basi. Tuliipenda mieleka ile kwa miaka yote ya masomo, na tuliitazama tumekaa, tukila karanga. Haikutupitikia hata siku moja kwamba mtu kama sisi anaweza kuingia uwanjani.

Mchezo tulioingia hatimaye ni judo, mieleka ya Kijapani iliyoasisiwa na Kano Jigoro mjini Tokyo mwaka 1882. Yeye mwenyewe alikuwa kijana mdogo wa umbo aliyechoka kuonewa na wenzake. Hapa kwetu si mgeni, kwani Zanzibar unafundishwa tangu miaka ya 1990. Hauna ngumi wala mateke, na hilo ndilo lililotutuliza upande wa sharia. Majmaa ya Fiqhi iliyo chini ya Rabita, katika kikao chake cha kumi kilichofanyika Makka Oktoba 1987, iliharamisha ngumi za ulingoni, na mieleka ile ambayo kila mmoja huhalalishiwa kumdhuru mwenzake. Mieleka ya kuujenga mwili isiyokuwa na madhara hayo waliiacha katika uhalali wake. Kumpiga mtu usoni kumekatazwa katika Hadithi sahihi, na vijana wetu wanaokimbilia ngumi walitafakari hilo kabla ya kulitafakari pochi la ushindi. Kuinamiana kwa Wajapani tulikuacha tangu siku ya kwanza, kwani kuinama kwa taadhima ni kwa Allah (s.w.) peke yake, tunasalimiana kwa Salaam na kupeana mikono, na mwalimu wa mchezo alikubali bila ya mjadala. Vazi lake la koti zito na suruali linasitiri uchi wa mwanamume. Kwa dada zetu, sharti ni faragha yao na mwalimu mwanamke.

Sasa, mtu mzito anakutana na nini? Kwanza anakutana na aibu. Tulisimama nje ya mlango wa ukumbi wiki mbili mfululizo, tukajifanya tumekuja kuwaangalia wanafunzi wetu. Tulidhani ile ni haya, na haya ni katika imani. Tulipojihesabu vizuri tukaona haikuwa haya hata kidogo. Mwenye haya humwonea haya Mola wake kwa kuiharibu amana. Sisi tulikuwa tukiogopa kuonekana na vijana wa miaka 17 tukiwa hatujui kitu. Jina la hilo katika vitabu vya maradhi ya moyo linajulikana, nalo si haya.

Pili, anakutana na ardhi. Katika judo mgeni hafundishwi kuangusha, hufundishwa kuanguka. Kidevu huelekezwa kifuani ili kisogo kisigonge chini, na mkono wote hupiga mkeka ili kishindo kisambae. Mwepesi huanza akiwa amechuchumaa. Sisi tulianzia tumelala, kisha tumekaa, na tulisimama baada ya mwezi mzima, kwani mwili mzito hushuka kwa nguvu zaidi, na magoti yake tayari yamechoka kwa kuubeba. Atakayekuharakisha hapo usimsikilize. Na kabla ya yote nenda zahanati ukapime presha na sukari. Sisi tulikutwa na presha ya juu, tukazuiwa kushikana na mtu mpaka iliposhuka kwa dawa na kutembea kwa miguu.

Tatu ni pumzi. Dakika mbili za kushikana zilitosha kutuonesha nyota mchana. Sehemu kubwa ya kosa si unene: mgeni huibana pumzi na kukaza vidole kana kwamba ameshika kamba ya kisima, mikono ikafa kabla ya pambano kuanza. Na tusifichane, miezi miwili ya mwanzo mizani ilipanda kilo mbili, kwa sababu tulikuwa tukitoka mazoezini na njaa ya mpagazi. Ilianza kushuka tulipoiacha ile sahani ya pili.

Mzito ana mtihani wake mwingine pia. Mkishuka chini, kilo zako zinakufanyia kazi usiyoijua, na nafsi hukushawishi umkandamize mdogo wako mpaka alie. Hapo ndipo tulipoielewa upya ile Hadithi ya kuwa mwenye nguvu si yule aangushaye watu, ila ni yule anayeimiliki nafsi yake anapoghadhibika. Mmisri Mohamed Rashwan alifika fainali ya judo katika Olimpiki za Los Angeles mwaka 1984, na Mjapani Yamashita Yasuhiro aliyekabiliana naye alikuwa ameumia mguu wa kulia katika pambano lililotangulia. Rashwan alishindwa, na alieleza kuwa hakutaka kuulenga mguu ule. Alirudi na medali ya fedha, na baadaye akatunukiwa tuzo ya uungwana michezoni.

Tumrudie mzee wetu na heiba ya elimu. Kisa cha Rukana kuangushwa mieleka na Mtume (s.a.w.) ni mashuhuri, ingawa Tirmidhi aliyekipokea alitanabahisha udhaifu wa isnadi yake, na wapo wanachuoni waliokipa nguvu kwa njia nyingine. Lakini hoja yetu si hiyo, maana hapo Mtume ndiye aliyeshinda. Hoja yetu ni Hadithi ya Bi Aisha (r.a.) iliyomo katika Sunan Abi Daud. Walishindana mbio safarini, Bi Aisha akamtangulia. Baada ya muda, alipokuwa amenenepa, wakashindana tena, naye Mtume akamtangulia, akamwambia kuwa hii ni kwa ile. Angalieni mambo mawili. Mbora wa viumbe alishindwa mbio na mkewe, na hakuna kilichopungua katika Utume wake. Na habari ya kunenepa kwa Bi Aisha hatukuipata kwa mtu mwingine. Ameisimulia yeye mwenyewe, bila ya kujificha.

Kijana aliyetuangusha alitunyoosha mkono akatuinua, akasema "Samahani Ustadhi." Kesho yake alikuwa wa kwanza kufika kwenye darsa ya Nahau, na kwa mara ya kwanza mwaka huu aliinua mkono kusema kuwa hajaelewa mlango wa haali. Alikuwa akiona aibu kuuliza.

Mzee wetu hajaridhika bado, wala hatumlaumu, lakini hajamzuia mwanawe. Kwa sasa tuna kilo 101. Presha tunaipima kila mwezi. Kundi letu limepelekwa kusajiliwa kwa utaratibu wa Baraza la Michezo la Taifa, na milango ya ukumbi huachwa wazi, kwa kuwa Waislamu wakijifunza mieleka kwa kificho hawakosi watakaowadhania mengine.

Mazoezi ya wanaoanza, wa umri wowote, ni Jumatano na Jumamosi baada ya Swala ya Alasiri. Njooni na cheti cha zahanati. Mikanda yetu sote bado ni myeupe.

Wabillahi Tawfiiq.