Mjumbe na Jina Lililotoka Juu



Swali nililopewa katika semina hii ni hili: uongozi wa chama ukishaonyesha unamtaka nani, mjumbe wa kura za maoni alipigie kura jina hilo, au ampigie anayemwona yeye kuwa anafaa? Mifano yangu mingi itakuwa ya CCM, kwa sababu ndicho chama chenye historia ndefu ya mambo haya, na katika majimbo mengi aliyeshinda kura zake za maoni huanza kupokea pongezi hata kampeni hazijazinduliwa. Wenzetu wa vyama vingine mtajiona humo humo.

Niseme msimamo wangu mapema mpate kunibishia vizuri. Kabla ya kura kupigwa, mjumbe ana uhuru mkubwa kuliko anavyodhani. Vikao vikishafunga, uhuru huo unapungua sana, na katika nchi yetu unapungua kuliko kwa jirani zetu. Wengi wetu tunafanya kinyume chake: ukumbini tunanyamaza, tukitoka tunanung'unika vijiweni mpaka siku ya uchaguzi.

Tuanzie mbali kidogo. Katika uchaguzi wa Agosti 1960, TANU, kimoja cha vyama vilivyoizaa CCM, ilichukua viti 70 kati ya 71 vya Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, na 58 kati ya viti vyote havikuwa hata na mshindani. Kiti kimoja kilichoiponyoka ni Mbulu. Mgombea rasmi wa chama kule alikuwa Chifu Amri Dodo. Herman Sarwatt, naye mwana-TANU, aliamua kusimama kama mgombea binafsi, na watu wa Mbulu wakampa yeye. Chama hakikuanguka kwa hilo. Sarwatt alikwenda bungeni akabaki upande wa TANU, na mwaka uliofuata nchi ikapata uhuru wake.

Kuna wanaosimulia kisa hiki kama cha utovu wa nidhamu. Mimi nakisoma kama taarifa iliyoletwa na wapiga kura kwa njia pekee waliyokuwa nayo: jina mlilotuletea si letu. Na miaka mitano baadaye, katika uchaguzi wa kwanza wa mfumo wa chama kimoja, katika majimbo mengi TANU haikutaja jina moja. Ilipeleka wawili, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba, wananchi wakaamua. Sidai kwamba Mbulu peke yake ndiyo iliyoleta utaratibu huo. Lakini matokeo yake mnayakumbuka, au wazee wenu wanayakumbuka: waziri wa fedha, Paul Bomani, aliangushwa, na serikali ikaendelea kufanya kazi.

Sasa njooni Dodoma, Julai 1995. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye somo lenyewe. Majina matatu yalifika Mkutano Mkuu wa CCM: Jakaya Kikwete, Benjamin Mkapa na Cleopa Msuya. Mwalimu Nyerere hakuwa tena na cheo ndani ya chama, lakini hapakuwa na mjumbe ukumbini asiyejua kwamba anamtaka Mkapa. Kama kuna wakati ambapo jina lilitoka juu, ni siku ile, na aliyelitoa hakuhitaji muhuri wa kikao chochote. Raundi ya kwanza Kikwete aliongoza kwa kura 534, Mkapa akapata 459, Msuya 336. Wakarudia wawili wa mwanzo. Mkapa 686, Kikwete 639.

Zitazameni hizo 639. Ni wajumbe walioujua msimamo wa Mwalimu, waliomheshimu, wengine waliolelewa kisiasa na yeye, na bado wakapiga kura wanavyoona. Hawakuitwa wasaliti. Wala ushindi wa Mkapa haukuwa wa kupewa, kwa sababu alilazimika kuzitafuta kura za Msuya, na nyingi ya hizo zikaenda kwake. Kikwete akayakubali matokeo, akawa waziri wa mambo ya nje kwa miaka kumi, na mwaka 2005 zamu yake ikafika. Waliompigia kura hawakuwa na kinyongo cha kukimbia nacho, kwa sababu walihesabiwa.

Linganisheni na Julai 2015. Waliochukua fomu za urais ndani ya CCM walipita 40. Jina la Edward Lowassa halikufika Halmashauri Kuu, achilia mbali Mkutano Mkuu; lilikatwa kabla. Wajumbe watatu wa Kamati Kuu walitoka nje wakawaambia waandishi wa habari kwamba hawakubaliani, na ndani ya ukumbi wa Halmashauri Kuu zikasikika nyimbo za kumwunga mkono. Kabla mwezi haujaisha Lowassa akahamia Chadema. Oktoba ile alipata asilimia 39.97 kwa tiketi ya Chadema akiungwa mkono na Ukawa, umoja wa vyama vya upinzani, na John Magufuli akashinda kwa asilimia 58.46, kiwango cha chini kuliko chochote ambacho mgombea urais wa CCM alikuwa amepata tangu vyama vingi virudi. Ukawa ulikuwa na nguvu zake, siwezi kuuweka upungufu wote kwenye kukatwa kwa jina moja. Na chama kina haki ya kukata majina. Hakuna chama duniani kinachompitisha kila mwenye fomu. Ninachosema ni kwamba mtu aliyeshindwa kwa kura 639 dhidi ya 686 anajua ameshindwa. Aliyekatwa jina chumbani anabaki na swali, na wafuasi wake wanabaki nalo zaidi yake.

Januari 2025 vyama vyetu viwili vikubwa vilituonyesha njia mbili ndani ya wiki moja. CCM, kwenye mkutano mkuu maalumu Dodoma, ilimpitisha Rais Samia Suluhu Hassan kuwa mgombea pekee kwa azimio, kabla msimu wa fomu haujafika. Chadema, Mlimani City, walikesha wakihesabu kura za uenyekiti, Tundu Lissu akapata 513 na Freeman Mbowe 482. Mbowe alikubali, lakini miezi michache baadaye kundi la makada likaondoka na kuhamia chama cha Chaumma. Kwa hiyo kuhesabiana hakuzuii kila ufa, nakiri. Kunazuia tu mtu asiseme hakuulizwa.

Mlango wa kutokea

Nimesema uhuru wetu unapungua kuliko wa jirani. Sababu ni sheria. Tanzania haina mgombea binafsi. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania jambo hili mahakamani kwa takriban miaka ishirini. Mahakama Kuu ilikubaliana naye mwaka 1994 na tena 2006, Mahakama ya Rufani ikatengua mwaka 2010 na kusema hilo ni la Bunge, na mwaka 2013 Mahakama ya Afrika iliyopo Arusha ikaamua kwamba Tanzania imekiuka haki yake. Mlango haukufunguka. Sarwatt wa leo hana pa kusimama ila ahame chama.

Kenya wana ibara ya 85 ya Katiba ya 2010: mtu anaweza kuwania akiwa huru, mradi asiwe mwanachama wa chama kwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Ndiyo maana kule tiketi ya moja kwa moja, isiyopitia mchujo, haimalizi mchezo. Mwaka 2022 chama cha ODM kilimpa Gladys Wanga tiketi ya ugavana Homa Bay, Evans Kidero akawania akiwa huru, na wapiga kura wakaenda na chama. Mwaka huo huo, Meru, Kawira Mwangaza akiwa huru aliwabwaga wagombea wa vyama. Raila Odinga, kiongozi wa ODM, alizunguka akiwaomba watu wa Nyanza wavae suti ya vipande sita, yaani wachague ODM toka juu hadi chini. Lilikuwa ombi, na mpiga kura alikuwa na njia ya kulikataa bila kuhama nyumba.

Marekani, katika jimbo la Minnesota, wamekwenda mbali zaidi. Chama cha DFL, ambacho ndicho Democratic ya kule, hufanya mkutano na kutangaza anayemwunga mkono, halafu Agosti wapiga kura wote wanaotaka kushiriki mchujo wa chama hicho wanaamua. Mwaka 2010 mkutano ulimpitisha Margaret Anderson Kelliher. Mark Dayton akaenda moja kwa moja kwenye mchujo, akashinda kwa tofauti ndogo, akawa gavana. Mwaka 2018 ukampitisha Erin Murphy, wapiga kura wakamchukua Tim Walz. Mwaka huo huo Ilhan Omar, ambaye utotoni aliishi kambi ya wakimbizi ya Utange karibu na Mombasa, alipata baraka za mkutano na akashinda mchujo pia. Baraka za chama kule zinasaidia, hazitoshi.

Sisi hatuna mchujo wa wazi wala mgombea binafsi. Uzito wote unaangukia ile siku moja ya kura za maoni. Ukiitumia vibaya, huna nyingine.

Ndani ya ukumbi

Mnaokumbuka kura za maoni za CCM za Julai 2020 mnajua palivyokuwa. Kura zilihesabiwa hadharani: msimamizi ananyanyua karatasi, anaionyesha, anataja jina, karani anachora. Watia nia wamekaa mbele wakiutazama ukumbi. Kuna aliyejieleza akapigiwa makofi, ameahidiwa kura na nusu ya walioketi pale, na jina lake linafika mwisho likiwa na sifuri. Mitaani ukazaliwa utani kwamba wajumbe si watu wazuri. Mimi nauona utani huo unatuficha jambo. Mjumbe aliyemwahidi kila mtu hakuwa na tatizo la kumfuata au kutomfuata aliyependekezwa. Alikuwa na tatizo la kutokuwa na rai yoyote, ndiyo maana ilikuwa rahisi rai yake kununuliwa kwa nauli, pesa ya maji na vocha. Takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, iliruhusiwa na sheria mwaka 2000, Mahakama Kuu ikaifuta 2006; kwenye bahasha za usiku wa kuamkia kura hukumu hiyo bado haijafika.

Kwa hiyo ukisikia "huyu ndiye anayetakiwa", uliza kwanza nani anamtaka. Kikao kina muhtasari, na wajumbe wake wanajulikana. Mara nyingi utakuta hakuna kikao kilichokaa, ni katibu mmoja aliyepigiwa simu, au mpambe anayelitumia jina la mkubwa bila mkubwa kujua. Ikiwa ni kikao kweli, yasikilize sababu zake kwa makini, maana kinaweza kuwa na habari za mtu ambazo wewe wa kata huna: madeni, kesi, tabia ya ofisini. Hiyo ni hazina, usiidharau. Kisha linganisha na unachokijua wewe ambacho wao hawana, kwamba mtu huyo tangu achaguliwe hajakanyaga zahanati ya kijiji chako. Ukipima ukaona wa kwako anafaa zaidi, mpigie. Hakuna kiapo cha uanachama unachokivunja kwa kura ya siri ndani ya utaratibu wa chama chenyewe.

Baada ya hapo mambo hubadilika. Akiteuliwa usiyemtaka, na utaratibu umefuatwa, naona una wajibu wa kumpigia kura, au angalau kutomhujumu. Kumpigia debe ni jambo jingine. Mtu asilazimishwe kupanda jukwaani kusema asichokiamini, na viongozi wanaowahesabu wanaopiga makofi wanajidanganya. Lakini kuvaa sare ya chama mchana, kisha usiku kumpelekea mpinzani orodha ya mabalozi wa mashina, ni udanganyifu, hata kama aliyeteuliwa hafai. Anayeona hawezi kabisa aondoke waziwazi.

Gumu zaidi ni pale utaratibu usipofuatwa, au unapofuatwa na bado ukakuacha mdomo wazi. Kwa vikundi vya mchana nawaachia Kawe, 2020. Wajumbe wa CCM walipiga kura, wakahesabiana, wakampata wa kwanza, wa pili na wa tatu. Vikao vya juu, ambavyo kwa katiba ya chama vina neno la mwisho, vikamteua wa tatu, Josephat Gwajima, na akawa mbunge. Chukulieni ninyi ni wajumbe mliompa kura aliyeongoza. Balozi wenu anakuja kuwauliza mliitwa ukumbini kufanya nini, na kampeni zinaanza wiki ijayo. Naomba kila kikundi kiandike jibu ambalo kingempa balozi huyo, na jingine ambalo kingekiandikia chama.